Nani Alipandisha Bei ya Memori?

Kila Jumamosi asubuhi Olha alikanda unga wa pyrohy, vile vifurushi vya Kiukraine vya kuchemshwa, na mumewe Bohdan akaponda viazi vya kutia ndani. Redio haikuzimwa. Ndivyo walivyoishi tangu watoto wahame, katika mji wao mdogo jimboni Manitoba, Kanada.

Siku hiyo redio ilisema jambo. Watu walionunua kompyuta miaka mingi iliyopita wanaweza kudai fidia, maana kampuni zinazotengeneza memori, kile kipande cha kompyuta cha kutunzia kumbukumbu, zilipanga bei kwa siri.

"Umesikia?" Olha aliuliza. "Si kama ile kompyuta yetu ya chumba cha chini?"

"Matapeli hao," Bohdan alisema. "Nani akupe hela za bure?"

Lakini mkono wake ulisimama juu ya viazi. Jamani, siku zile! Watoto watatu waligombea kiti kimoja. Kompyuta ilipotafuta intaneti kwa laini ya simu ilikoroma na kulia, nao wakaiigiza mpaka chakula kikapoa. Angetoa chochote asikie kelele zile tena.

Na kila Ijumaa alikuwa na Orville, rafiki yake wa tangu utoto. Walicheza curling klabuni, mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu, mmoja akirusha, mwingine akifagia njia. Mchezo ukiisha, washindi huwanunulia walioshindwa kinywaji cha kwanza. Hiyo ni desturi, haina mjadala.

Orville alikuwa na duka la kompyuta. Alimtajia Bohdan bei ya kompyuta ile, lakini mzigo ulipofika, memori ilikuwa imepanda maradufu. Bohdan alilipa, kisha akamwita mwizi mbele ya klabu nzima.

"Hata mimi nimeuziwa hivyo!" Orville alijitetea.

Bohdan hakutaka kusikia. Tangu hapo hawakusalimiana. Na sasa Orville, magoti yamechoka, alikuwa anahamia kwa bintiye katika jimbo la mbali la Alberta mwisho wa mwezi.

"Twende maktaba," Olha alisema. "Tukamuulize Tamsin."

Tamsin, mkutubi wao, alifungua tangazo la mahakama akalisoma lote.

"Si utapeli," alisema. "Hii ni kesi ya pamoja. Kampuni zinatakiwa zishindane kwa bei. Hizi zikakaa pembeni zikaelewana: tusishushe. Mnunuzi akaumia."

"Kwa nini nisiende mahakamani mwenyewe?" Bohdan aliuliza.

"Kwa hela hiyo kidogo? Wakili angekumaliza, mzee wangu. Kwa hiyo watu wachache hushtaki kwa niaba ya wanunuzi wote. Hapa kampuni zimekubali kulipa, na jaji ameidhinisha."

"Risiti tulishatupa," Olha alisema.

"Katika kesi hii, dai dogo halihitaji risiti. Kesi nyingine zinaihitaji, kwa hiyo someni masharti kila mara. Semeni ukweli tu. Msichelewe, maana tarehe ikipita hamdai tena. Na kudai hapa ni bure. Mtu akiwapigia simu akitaka ada au namba ya siri ya benki, mkatieni."

Bohdan alikohoa. "Na mwenye duka? Naye alikuwa kwenye njama?"

"Mwenye duka? Yeye aliuziwa ghali kama ninyi. Walioshtakiwa ni watengenezaji."

Bohdan alivua kofia, akaivaa tena. "Olha, nimemwonea Orville."

"Nilikwambia siku ile ile," Olha alisema. "Ukaniambia nikaangalie viazi."

Walijaza dai pale pale. Fedha zingechukua miezi, Tamsin alisema. Lakini Orville asingengoja miezi.

Ijumaa Bohdan aliingia klabuni. Orville alikaa peke yake, akitazama wengine wakicheza. Bohdan aliweka bia mbele yake.

"Ya nini hii?" Orville aliuliza bila kumtazama.

"Nimeshinda. Aliyeshinda hununua."

"Umeshinda nini? Hata hukucheza."

"Kesi ya memori. Kumbe kampuni ndizo zilipanga bei. Hukuniibia, Orville. Nimekuvunjia jina bure. Nisamehe."

Orville aliizungusha bia mezani. "Watu walihama dukani kwangu," alisema mwishowe.

"Najua."

"Umechelewa, mzee mkaidi wewe."

"Najua."

Orville alivuta kiti kwa mguu. "Keti basi, bia inaisha povu. Na hilo dai linajazwa wapi? Nami nina kompyuta ya zama hizo nyumbani."

Bohdan akasimama, akawageukia watu wa klabu, akasema kwa sauti ile ile aliyomtukania: "Orville hakuwa mwizi. Mimi ndiye niliyekosea. Na ninyi mlionunua kompyuta, nendeni kwa Tamsin kabla tarehe haijapita."

Hundi ilifika kiangazi, Orville akiwa Alberta. Ilikuwa ndogo, ilitosha nusu tangi la petroli. Bohdan aliongeza nusu nyingine, Olha akapakia pyrohy kiti cha nyuma, wakashika njia ya kwenda kwa Orville.