Kwaya Zote Saa Tatu

Ilikuwa siku ya soko mjini Kisii. Saiba ya Celestine, duka la kompyuta na intaneti karibu na stendi, ilikuwa imejaa hadi mlangoni, na kijana mmoja mwenye shati jeupe lililopigwa pasi alikuwa ameiatamia kompyuta ya dirishani kama kuku. Alijaza saa za ratiba moja moja, kwa kidole kimoja. Foleni ikaanza kuguna.

"Kaka, utaandika mpaka Yesu arudi?" Celestine alimwinamia, gauni lake la kijani likinukia marashi ya waridi. "Jaza seli mbili tu, hivi visanduku vya juu. Saa tatu, halafu saa tatu na dakika ishirini. Sasa zichague zote mbili, shika hii kona ya chini, uvute."

Kijana akavuta. Saa zikateremka zenyewe, dakika ishirini baada ya ishirini, mpaka kwaya ya mwisho.

"Aki umeniokoa! Naitwa Onyiego. Na nikikwama tena?"

"Utarudi tu. Wanaume wa kidole kimoja hurudi."

Alirudi kweli. Yeye ndiye aliyeratibu matamasha ya kwaya za Waadventista, na kila kazi ilikuwa kisingizio cha kuja na ndizi mbivu na kumwita "malkia". Celestine alikuwa Mkatoliki wa Kebirigo, na kwao Onyiego, Waadventista wa Birongo, hilo lilikuwa jambo zito.

"Mama atakupenda," alimwambia mwaka mzima. "Nipe tu nafasi nimwambie."

Nafasi ilikuja yenyewe. Jumanne moja mama yake alishuka mjini kununua vitambaa vya sare za kwaya, akaingia naye saiba.

"Na huyu msichana mzuri ni nani?" mama aliuliza.

"Huyu?" Onyiego akacheka kidogo. "Ni wa kunichapia kazi tu, mama."

Celestine alimletea mama kiti, akamkaribisha kwa mikono miwili. Tabasamu halikumtoka usoni. Ndani alikuwa akiungua kama kuni kavu.

Jioni simu ikalia.

"Malkia wangu, usinikasirikie. Ilinitoka tu."

"Nikasirike kwa nini, mpenzi? Nitumie majina ya kwaya za Jumapili na namba za viongozi wao, nikumalizie ratiba."

"Ndiyo maana nakupenda."

"Najua," Celestine akasema, akakata.

Alijaza seli ya kwanza: saa tatu asubuhi. Safari hii aliiamuru kompyuta inakili, isihesabu. Akashika kona, akavuta polepole, akiionja kila safu. Saa tatu, saa tatu, saa tatu, mpaka chini. Kisha akamtumia kila kiongozi wa kwaya saa yake kwa simu. Onyiego hakukagua, alimwamini.

Jumapili Celestine alivaa lile gauni la kijani, akaenda uwanjani kutazama. Kwaya zote zilikuwa zimesongamana mbele ya jukwaa, sare za zambarau zikikanyagana na za buluu, kila kiongozi akipunga simu hewani. "Ni zamu yetu!" Waimbaji wa Birongo, mama Onyiego akiwa mbele, walikwisha kuanza kuimba huku wengine wakiimba wimbo mwingine. Onyiego alikuwa amelowa jasho. Celestine aliona utamu wa kisasi, utamu mtupu, mpaka alipomwona bibi mmoja mzee akiketi chini kwenye vumbi na sare yake mpya.

Onyiego akashika kipaza sauti. "Wapendwa, poleni. Kompyuta imetukosea."

Celestine akapanda jukwaani, akamnyang'anya.

"Kompyuta haina kosa. Niliwaita wote saa tatu kwa makusudi. Ninyi nawaomba msamaha. Huyu simwombi. Mwaka mzima ananiita mpenzi, halafu mbele ya mama yake mimi ni wa kuchapa."

Mama Onyiego akasogea mbele.

"Onyiego, ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Yeye ni Mkatoliki, nikaogopa."

"Nilikuuliza vizuri, ukanidanganya kwa sababu ya dhehebu?" Akamgeukia Celestine. "Na wewe, mwanangu, umetusimamisha juani watu wazima kwa ajili ya mwanamume huyu mwoga?"

Celestine akainamisha kichwa. Alitafuta kiti, akamwinua yule bibi, kisha akaondoka.

Wiki nzima hakupokea simu. Ijumaa, saiba ikiwa imejaa, Onyiego akatokea, akaja moja kwa moja hadi mezani.

"Foleni inaanzia nyuma," Celestine akasema.

Akapanga foleni. Celestine alihudumia kila mtu taratibu mno, akawapitisha hata waliokuja baada yake. Mwishowe akamwita.

"Unataka nini?"

"Barua kwa baba yako. Ya posa."

"Sema kwa sauti, nichape."

"Mimi Onyiego..." Watu wakageuka. Masikio yakamwaka. "Mimi Onyiego nampenda Celestine, na nilimkana kwa woga."

"Sauti. Sijasikia."

Akarudia kwa sauti iliyofika barabarani. Mama mmoja mlangoni akapiga kigelegele.

Celestine hakuchapa hata herufi moja.

"Baba hapokei karatasi, anapokea watu. Njoo Kebirigo na mama yako."

"Umenisamehe, malkia?"

"Bado," Celestine akasema, akamwashiria mteja aliyefuata. "Lakini njoo."