Kinyozi Asiyesema Subiri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti wa kinyozi alifagia nywele sakafuni, akafuta kioo na kumtundikia baba yake taulo safi begani. Asubuhi hiyo fundi mwashi alikuwa kitini, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa, mara mlango ukafunguka akaingia dobi.

"Hamjambo humu?" dobi akasalimu, akakaa kwenye benchi.

Papo hapo kinyozi akamwacha mwashi. Akamfunga dobi kitambaa shingoni palepale kwenye benchi, akaanza kumnyoa.

"We Shujaa!" mwashi akapiga kelele akijitazama kiooni. "Nusu hii nimpelekee nani? Mke wangu atanifungia mlango!"

"Tulia," dobi akacheka. "Leo mtaa mzima tutatembea nusunusu."

"Si umwambie asubiri tu, kaka!"

Mashine ikamponyoka kinyozi, ikaanguka. Akaingia chumba cha nyuma.

"Baba ana homa," binti akasema harakaharaka. Ndivyo alivyowaambia wateja tangu mafuriko, na wateja walizidi kupungua.

Shangazi yake, aliyekuwa akishona nguo kibarazani, akamvuta pembeni. "Homa gani hiyo isiyopona, mwanangu?"

Binti akainama. Siku ile maji yalipojaa nyumbani, baba, aliyewalea peke yake, alikuwa na mgongo mmoja na watoto wawili. Alimbeba yeye. Mdogo wake aliachwa juu ya kabati, akaambiwa, "Subiri, nakuja." Baba aliporudi, ukuta ulikuwa umeanguka. Hakukaa chini kulia. Aliendelea kuwatoa watoto wa majirani hadi giza likaingia. Ndipo mtaa ukamwita Shujaa, na kila alipoitwa hivyo aliinamisha uso kama mtu aliyetukanwa. Tangu hapo hakumwambia mtu yeyote asubiri.

"Shangazi, mimi ndiye niliyelia kwa nguvu. Ndiyo maana alinichukua mimi. Naogopa kumuuliza kama anajuta."

"Na mnalala nyumba moja! Yeye ameuma meno, wewe unadanganya wateja, kila mtu anaumia kwenye kona yake. Nenda kamuulize."

Baba alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, uso ameugeuzia ukutani.

"Baba, nimewadanganya watu kwamba una homa. Unajuta kunibeba mimi?"

Kinyozi akageuka kama aliyechomwa. "Wewe?" Akamkumbatia, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Sijajuta kukubeba hata siku moja. Kinachoniua ni kwamba mwenzako aliniamini. Alisubiri, mwanangu. Alisubiri kama nilivyomwambia."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, akijifuta macho kwa upindo wa gauni lake.

"Uchungu kama huu hauondoki kwa kufichwa," akasema polepole, "wala kwa uongo, hata ukiwa uongo wa huruma. Lakini mkiambiana, hakuna atakayeubeba peke yake. Na mimi nimo."

Walipotoka, mwashi hakuwa na mzaha tena. Kinyozi aliokota mashine, akaipuliza vumbi, akasimama nyuma ya kiti cha mwashi. Kisha akamtazama dobi kwenye benchi. Binti akamshika mkono.

"Subiri, ndugu yangu," kinyozi akasema. "Subiri. Nakuja."