Droo ya Maneno ya Msiba

Jumamosi, tarehe 7 Februari 2026. Asubuhi hiyo Rissne, kitongoji cha Stockholm, ilikuwa na baridi ya nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Theluji ilikuwa imekatika, lakini upepo ulichoma masikio. Saa tatu na robo Elvire, aliyewahi kuwa polisi Bujumbura na sasa msafishaji wa kanisa, alimkuta Daktari Pember ameketi sakafuni katika chumba cha chini, mbele ya kabati lake.

"Nimeibiwa, mama," alisema mzee huyo Mwingereza. "Kadi mia nane. Na kitabu kinakwenda kuchapwa Jumatatu."

Tangu astaafu udaktari alikuwa akikusanya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya kitabu hicho, kila neno na kadi yake. Hakuyapanga kwa alfabeti bali kwa maana: vyakula pamoja, magonjwa pamoja. Droo thelathini, zote bila maandishi kwa nje. Iliyoachwa tupu ni moja tu, ya maneno ya msiba. Elvire alifungua nyingine. Kwenye pembe ya kila kadi kulikuwa na mstari mzito mweusi, kitu kimefutwa.

Jana yake jioni mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya kwaya. Yeyote angeweza kuingia. Saa nne Elvire alimhoji Ludovic, mwanakwaya aliyegombana na daktari wiki iliyopita.

"Dada Elvire, mimi nilitafuta neno 'uji' humo saa nzima," alisema Ludovic. "Ningekuwa mimi, ungenikuta bado natafuta."

Elvire alisali kimya, akarudi kabatini. Mwizi hakupekua, alikwenda moja kwa moja. Mpangilio ule waliujua wawili: daktari, na Shamim, Mganda aliyemsaidia kupanga.

Saa sita wote wanne walikuwa katika chumba kile cha chini.

"Ni wewe, Shamim," alisema Elvire.

"Ni mimi, na sijuti. Marehemu mama yangu, Nakato, alimpa daktari maneno hayo saratani ikimla. Alimwomba kitu kimoja: andika ni ya Nakato. Amemfuta. Jina la daktari mwenyewe limekaa juu ya jalada la kitabu."

Daktari aliinamisha kichwa. "Miaka arobaini nilificha majina ya wagonjwa. Kwa mazoea hayo niliyafuta yote kwenye kadi. Nilidhani namsitiri."

"Ulimzika mara ya pili. Nami nilitaka uamke siku moja ukute umenyang'anywa."

"Kadi ziko wapi?" aliuliza Elvire.

"Ndani ya friza yangu, chini ya samaki. Zitakaa huko mpaka aseme mbele yenu maneno ni ya nani. Kwa sauti."

Mzee alishika kabati, akasimama.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu: kitabu hakiendi Jumatatu. Kila kadi ya msiba nitaiandika upya kwa mkono huu, na jina la Nakato litakuwa juu yake."