Gari Lililomjua Kipusa

"Wewe, umelala huko juu? Daktari anasubiri gari lake," Dada wa Funguo, mtunza funguo wa kibandani, alifoka kwenye simu ya upepo.

"Nashuka sasa hivi, dada."

Sikushuka. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari la daktari wa meno, ghorofa ya nne ya maegesho, nimekodolea macho skrini ya dashibodi. Nilipowasha tu, ikaandika: KIPUSA IMEUNGANISHWA.

Kazi yangu ni kupokea magari ya wateja mlangoni, kuyaegesha juu na kuyashusha wenyewe wakiyahitaji. Daktari huyu ana kliniki humu humu jengoni, na siku zote hujiegeshea mwenyewe. Leo alichelewa, akawaachia funguo wenzetu wa zamu ya asubuhi. Na Kipusa ni mchumba wangu. Tunafunga ndoa Jumamosi. Wiki iliyopita alipata simu mpya, akasema ni zawadi ya kazini, akanirithisha ya zamani ikiwa bado na jina lake. Sikulibadilisha. Nilipenda kutembea na jina lake mfukoni.

Lakini gari haliungani na simu ngeni. Lazima kwanza mtu akae humo ndani na simu hiyo, na mwenye gari akubali. Nikajipa moyo: labda alipewa lifti siku moja, mvua ilinyesha, nani ajuaye. Ukipenda, unakuwa wakili wa anayekukosea. Nikampigia, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote za gari.

"Mume wangu mtarajiwa, umekula?"

"Bado. Unamfahamu daktari wa meno wa hapa kazini kwetu?"

"Daktari gani?"

"Mwenye gari la bluu. Nimo ndani yake, na simu uliyonipa imejiunga yenyewe. Limekutambua, Kipusa."



"Nilikuja kung'oa jino," akasema mwishowe.

"Siku hizi meno yanang'olewa kwenye gari?"

Akaanza kulia. "Nisikilize. Nilikuwa nitakuambia."

"Lini? Jumapili?"

"Usinifanyie hivyo. Wewe ni mtu mwema, hata mama yako ananipenda kama..."

"Mama muache. Unampenda huyu bwana?"

"Sijui."

"Na mimi?"

"Wewe nimekuzoea."

Nikasubiri aniombe msamaha. Haki ya Mungu, angesema tu "nisamehe", ningemsamehe kabla hajafuta machozi. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

"Naomba kitu kimoja," akasema.

"Sema."

"Usimwambie. Hajui kama nina mchumba."

Hapo nikaelewa. Mtu humlinda yule anayeogopa kumpoteza, na hakuwa ananiogopea mimi.

"Sitamwambia," nikajibu, nikakata.

Nililishusha gari taratibu, kona baada ya kona, machozi yakinizibia njia. Daktari alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. Nilitamani awe mtu mbaya, anitukane, nipate pa kumalizia hasira zangu.

"Samahani kwa kukuchelewesha, daktari."

"Usijali, ndugu yangu. Najua mna kazi nyingi."

Akaingia. Kabla sijafunga mlango, gari likaita. Skrini ikaandika WANGU WA MILELE, jina nililomwekea mimi kwenye simu yangu. Daktari, kwa mazoea tu, akabonyeza kitufe cha usukani.

"Ameshaondoka?" sauti ya Kipusa ikajaa garini. "Hujamwambia kitu, eti? Nijibu basi, mume wangu."

Daktari akatazama skrini. Akanitazama mimi. Akatazama simu iliyokuwa inawaka kwenye mfuko wa shati langu.

"Bado sijaondoka," akajibu polepole.

Simu ikakatwa.

"Ni nani wako?" akaniuliza.

"Mchumba wangu. Tunaoana Jumamosi."

"Mimi aliniambia Jumamosi anakwenda kumzika bibi yake."

"Bibi yake ni mzima. Ndiye aliyemchagulia gauni."

Alitaka kucheka, ikashindikana. Akazima gari. Nyuma yetu magari mengine yakaanza kupiga honi, na Dada wa Funguo akatoka kwenye kibanda chake mikono kiunoni. Aliponiona uso, akairudisha mikono chini.

"Utamsamehe?" daktari akauliza.

"Hajaniomba."

Ujumbe wa Kipusa ukaingia kwenye simu yangu. Nikausoma, kisha nikausoma tena, nikitafuta neno lolote linalonihusu humo ndani:

"Simu yangu hapokei. Tafadhali mpe yako niongee naye kidogo tu."

Nikampa.

Nikaenda kibandani, nikaazima simu ya Dada wa Funguo, nikampigia mama.

"Mama, waambie watu wasije Jumamosi."

"Una wazimu? Shangazi zako wameshafika, wako hapa wanapika."

"Hakuna harusi, mama."

 Nilisikia akiwaondokea wenzake, akifunga mlango ili wasimsikie.

"Mwanangu, umemkosea nini mtoto wa watu?" akanong'ona. "Nenda kamwombe radhi. Yule binti utampata wapi tena?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Kupitia dirisha la kibanda nilimwona daktari ndani ya gari, simu yangu sikioni, akitikisa kichwa, akisikiliza.

"Sijui, mama," nikasema, nikalia mbele za watu.