Sisimizi Kwenye Gari la Mikate

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidole alifagia chembe za mikate kwenye gari la baba yake. Aliitwa Kidole kwa sababu vidole vyake vilikimbia zaidi kwenye simu kuliko miguu yake ilivyokimbia akitumwa. Baba alisambaza mikate madukani. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, linakohoa kama mgonjwa, lakini ndilo lililowalisha.

Bima ilipokaribia kwisha, Baba alimpa simu. "Mwanangu, macho yangu yamegombana na maandishi madogo. Kuna tovuti ya kutafuta mawakala wa bima. Jaza fomu, watuletee bei zao, tulinganishe."

Swali moja liliuliza: gari ni la biashara au binafsi?

"Biashara," Baba alisema, taulo begani, akielekea bafuni.

Kidole akajaza hivyo. Mawakala watatu wakajibu papo hapo, na bei zao zilimtoa macho. Hapo hila ikamjia. Akajaza fomu ya pili, akagusa "binafsi". Bei zikashuka karibu nusu!

"Baba, nimepata ya rahisi!"

"Wewe ni kiboko!" Baba akabonyeza kukubali bila kusoma. Kidole akavimba kichwa wiki nzima.

Mwezi wa pili, siku ya mvua, gari liliteleza mteremkoni likagonga ukuta. Mguu wa Baba ukavunjika mahali pawili. Alirudi nyumbani kwa magongo, amekonda, na faraja yake ilikuwa moja tu: "Angalau tuna bima."

Kidole akakwepa macho yake.

Mkaguzi wa bima alipofika uani, hakuhitaji kuuliza mengi. Msafara wa sisimizi ulipita mbele ya viatu vyake ukaingia nyuma ya gari. Akaufuata, akafungua mlango. Trei tupu, chembe kila mahali. Tangu ajali, hakuna aliyefagia.

"Mzee, hapa mmeandika gari binafsi. Nyumbani kwako mnakula mikate mingapi kwa siku?"

Baba akacheka, akidhani ni utani. "Mia tatu hivi! Si nasambaza?"

"Basi umetudanganya. Hulipwi. Na jina lako linakwenda kwenye orodha ya walaghai. Hakuna atakayekukatia bima tena, wala kukupa gari lake uendeshe."

Gongo moja likamponyoka Baba. "Mimi? Mlaghai?"

Kidole aliliokota. "Ni mimi. Baba alisema biashara. Nilibadilisha ili bei ishuke." Akafungua simu. Fomu zote mbili zilikuwamo bado, ya kweli na ya uongo, zimepishana dakika nne.

Mkaguzi akasoma, kisha akasoma tena. "Jina sitaliweka kwenye orodha," alisema mwishowe. "Gari halilipwi."

Gari likauzwa kama chuma chakavu. Miezi mitano nyumba ilikula kwa kubana. Mguu ulipopona, ukibaki na kilema, mwenye tanuri la mikate alimwajiri Baba kuendesha gari la tanuri.

Asubuhi ya kwanza Kidole alikuja na ufagio, hamtazami baba yake usoni.

"Inua kichwa," Baba alisema. "Gari ulinipotezea kwa uongo, jina ukanirudishia kwa ukweli. Ungenyamaza, leo nisingepewa hata baiskeli. Na mimi nilikosa, nilikubali nisichokisoma. Kuanzia sasa, fomu yoyote utanisomea kwa sauti, na utaandika nilichosema. Haya, fagia. Wale sisimizi wako wana kumbukumbu."