Mke Wangu Alipoisifia Chupa Mbovu

"Tema, Anselme! Unameza mvinyo saa nne asubuhi?"

"Niache nimeze. Labda nitasahau."

"Usahau nini?"

Aliyeuliza ni Clotilde, mke wangu. Nilisogeza kando ndoo ambayo waonjaji hutemea mvinyo badala ya kuumeza, nikammiminia mteja mwingine. Ilikuwa siku ya mwisho ya maonyesho ya mvinyo pale mjini Angers, na miguu yangu ilikuwa inawaka moto. Mke wangu alikuwa amesimama karibu yangu tangu ukumbi ufunguliwe, lakini tulikuwa tunaongea kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Mimi na yeye tunalima zabibu nyeupe kandokando ya mto Loire. Mizabibu ni yangu, pua ni yake. Yeye ndiye huchagua mapipa ya kuchanganya, na akisema hili bado, basi bado. Sasa tangu Krismasi hajakanyaga ghalani. Nikimwita anasema kichwa kinamuuma. Supu anaitia chumvi mpaka mdomo unajikunja. Na kila Jumanne anaenda mjini, hasemi anaenda kwa nani.

Halafu wiki iliyopita simu yake ikalia mezani, yeye yuko bafuni. Nikasoma.

"Jumanne saa tano. Njoo peke yako, na tafadhali usijipulizie manukato. Benoît."

Jamani! Mtu wa kazi yetu hajipulizii manukato hata siku ya harusi yake, maana ataharibu glasi za watu wote waliomzunguka. Kwa hiyo huyo Benoît hakuwa mtu wa mvinyo, la sivyo angelijua hilo bila kuandika. Nikajiambia huyo ana mke nyumbani, mke anayenusa mashati. Niliumia, nisiseme uongo. Niliumia mpaka nikashindwa kulala, na hata kugombana sikuwa na nguvu.

Nikamwandikia dada yangu Yvonne kule Nantes: "Maonyesho yakiisha nakuja kwako. Nimechoka na ndoa hii."

Akajibu: "Kitanda kipo. Lakini umemuuliza mkeo?"

"Nimuulize nini? Nimeona kwa macho yangu."

Begi langu lilikuwa ndani ya gari, chini ya maboksi ya glasi.

Mchana wateja walipopungua, akaja Ferdinand, mkulima wa milima ya Jura, rafiki yetu wa miaka mingi, tumbo mbele na glasi mkononi.

"Nyie vipi? Mzunguko! Clotilde, watu wanakusubiri!"

Siku ya mwisho ndivyo tulivyozoea. Kila mkulima anamwachia jirani meza, anazunguka kuonja vya wenzake. Clotilde alinitazama.

"Leo tusiende, Anselme. Nimechoka."

"Hata mimi nimechoka. Twende, watu wasije wakauliza maswali."

Tukaenda. Tukaanza na mvinyo mweupe wa Alsace, mkali, unaosisimua meno. Clotilde akaweka glasi puani, akatema, akasema, "Safi." Tukaonja mwekundu wa Burgundy, mwepesi, wenye harufu ya cheri. "Safi." Wa Beaujolais, safi. Wa Bordeaux, ule unaokausha ulimi, safi. Tukafika kwa wale wa Roussillon, mvinyo mweusi kama wino, mzee wa watu akasubiri maneno kwa hamu.

"Safi," akasema mke wangu.

"Safi tu, Bi Clotilde? Mwaka jana ulinisemea robo saa!"

"Safi sana, basi."

Miaka mingine ukimpa Clotilde glasi unaomba mwenyewe anyamaze. Nikajua mawazo yake yako kwa Benoît. Nikauma meno, nikaendelea kutema.

Tulipofika kwenye meza ya Ferdinand, wakulima kama kumi walikuwa wameshakusanyika. Alikuwa amezivisha chupa zake soksi za sufu ili mtu asione jina, abahatishe kwa pua na ulimi. Pembeni alisimama Hippolyte, mfanyabiashara wa mvinyo kutoka Bordeaux, mwenye suti nzuri na mdomo mchafu. Kwa kawaida mwenye meza huonja kwanza kila chupa anayofungua, ila Ferdinand naye alikuwa hoi, akamimina tu. Na mchezo huo hauna mtu wa kusema kabla ya mwenye pua kali kuliko wote. Kwa hiyo glasi zote zilibaki hewani, wakimsubiri Clotilde.

Akanusa. Akaonja. Akatema. Akatabasamu.

"Huu ni mzuri kweli. Maua meupe. Na asali kidogo nyuma."

Nikanusa yangu. Mungu wangu! Kizibo kilikuwa kimeoza na kuuambukiza mvinyo wote. Ulinuka maboksi yaliyolowa mvua, ulinuka ghala lenye ukungu. Harufu hiyo haimpiti hata mtoto wa mkulima, na Clotilde mimi ninayemjua angeikamata akiwa bado mlangoni.

Hippolyte akainua nyusi. Mtu mmoja akakohoa. Ferdinand akanusa, uso ukamshuka.

Hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka. Supu ya chumvi. Maziwa yaliyoungua jikoni naye amekaa palepale anasoma gazeti. Ghalani haendi. Safi, safi, safi. Mke wangu hakuwa anasikia harufu yoyote.

Nikainua glasi yangu, nikanywa, nikameza yote mpaka tone la mwisho.

"Asali," nikasema kwa sauti. "Tena nyingi. Ferdinand, niongezee."

Hippolyte akacheka mpaka akashika meza.

"Heri mimi ninayeuza tu! Mkulima gani huyu? Anselme, unakunywa maboksi yaliyooza unasema asali? Mvinyo wako nao unautengeneza hivyohivyo?"

"Ulimi ni wangu, Hippolyte. Unakuhusu nini?"

Wengine wakacheka, wengine wakatazama chini. Clotilde akanigeukia. Aliniangalia usoni, akaiangalia glasi yangu tupu, rangi ikampotea. Akaweka glasi yake mezani taratibu, akatoka nje. Nikamfuata.

Nilimkuta kwenye maegesho, ameegemea gari letu, mvua ya rasharasha inamnyeshea.

"Ulikuwa umeoza?" akauliza.

"Vibaya sana."

"Na wewe ukaumeza."

"Tangu lini, Clotilde?"

"Tangu yale mafua ya kabla ya Krismasi. Niliamka asubuhi, kahawa haina harufu. Nikadhani itarudi. Haijarudi."

"Na Benoît?"

"Umemjuaje Benoît?"

"Nilisoma simu yako."

"Anselme!"

"Nimesoma, nimekosa. Ni nani?"

"Ni mtu wa hospitali. Ananinusisha vichupa vya mafuta. Waridi, ndimu, karafuu. Hataki manukato wala mtu wa kunisindikiza, kwa sababu harufu zao zinavuruga. Kila Jumanne ananiuliza nasikia nini, na kila Jumanne namwambia sisikii kitu."

Nikaanza kucheka peke yangu, halafu nikashtukia nalia.

"Nilidhani una mwanaume."

"Mwanaume? Kwa nguvu zipi? Nimechoka hata kuchana nywele!"

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia nini? Kijiji kizima kinasema mvinyo ule ni mikono ya Anselme na pua ya Clotilde. Pua ikiondoka, mimi ni nani pale nyumbani? Mpishi? Supu yenyewe unaijua."

"Supu ilikuwa mbaya."

"Mbona ulikuwa unaimaliza?"

"Nilikuwa na hasira."

Akacheka kidogo, akafuta uso kwa mkono wa koti.

"Na lile begi chini ya glasi? Umebeba soksi zako zote."

"Nilikuwa nakimbilia kwa Yvonne."

"Bila kuniuliza hata neno moja?"

"Hata moja. Nisamehe, mke wangu."

"Nami nisamehe. Nilikuficha nikakuacha uteseke." Akanishika mkono. "Daktari anasema huenda harufu ikarudi, huenda isirudi. Ukitaka kwenda kwa Yvonne, nenda sasa hivi, sitakulaumu."

"Niende nikafanye nini? Mimi nilioa mtu. Mapipa tutachagua vibaya, tutakunywa wenyewe."

Tulirudi ukumbini tumelowa. Ferdinand alikuwa ameshafungua chupa nyingine, safari hii ameionja kwanza. Akamimina kwa aibu.

"Clotilde, dada yangu, ile iliyopita kosa ni langu. Hebu sema hii."

Hippolyte akakunja mikono. Mke wangu akavuta pumzi.

"Siwezi, Ferdinand. Pua yangu imekufa tangu Desemba. Nimewadanganya siku tatu hizi zote, na mume wangu amekunywa uchafu leo ili nisichekwe peke yangu. Kwa hiyo mwacheni aseme yeye."

Hakuna aliyecheka. Hippolyte akageuka kutazama chupa. Clotilde akanikabidhi glasi.

"Sema."

"Mimi? Mimi maneno sina."

"Sema tu unachosikia."

Nikanusa. "Karanga. Karanga mbichi. Na ndimu."

"Ndimu au ganda la ndimu?"

"Clotilde, ndimu ni ndimu!"

"Nusa tena, mvivu wewe."

Nikanusa tena. "Ganda."

"Haya. Mbona unaweza?"

Ferdinand akapiga makofi, wengine wakafuata. Mimi nilitaka kiti tu. Clotilde akaegemeza kichwa begani kwangu mbele ya watu wote, akafumba macho.

"Na wewe unanukaje?" akaninong'oneza.

"Mimi? Jasho la siku tatu. Sufu iliyolowa. Na ule mvinyo mbovu."

Akasogeza pua ile iliyokufa shingoni kwangu.

"Wewe harufu yako naikumbuka," akasema.