Gari Lililotoka Bandani kwa Kuku

"Morogoro nzima hakuna fundi anayenishinda kuunga chuma," alisema Bi Sikudhani Banzi, kidevu juu. Kisha akajikuna shavu. "Waliokuwa wakinishinda wamekufa wote. Niliwasubiri."

Mkaguzi Nakijwa alicheka, akawasha kisomachuma chake.

Kilikuwa chombo cha ukubwa wa pasi, chenye miguu sita ya kaa. Kilipanda juu ya bodi ya gari kikaanza kutambaa, kikimulika ndani ya chuma mwanga usioonekana kwa macho. Chuma hakisahau. Kikigongwa, kikipashwa moto, kikibebeshwa mzigo, chembe zake huhama na kubaki huko zilikohamia, na kisomachuma kazi yake ni kuzisoma tu, kama mtu asomavyo barua ya jirani.

"Bodi tupu," kilitangaza kwa sauti ya mtoto aliyekariri. "Haina mota, haina milango, haina sakafu upande wa kulia. Kutu, asilimia thelathini na nane. Iligongwa mara moja na mnyama mwenye pembe. Miaka tisa ya mwisho ilikaliwa na kuku."

"Kuku kumi na mmoja," alisema Bi Sikudhani. "Na jogoo alikuwa analala upande wa dereva, asitake mtu."

Wakati huo magari ya mji yalikuwa vijiendeshe, hayana usukani wala dereva. Unaingia, unataja unakokwenda, unasinzia. Ajali zilikwisha, na hilo hakuna aliyelilalamikia. Ila mtu aliyetaka kushika usukani kwa mikono yake alibakiwa na siku moja tu kwa mwaka, Nane Nane, sikukuu ya wakulima mwezi Agosti, kwenye Mbio za Mkono, katika njia ya lami iliyozungushwa pembeni ya uwanja wa maonyesho. Gari la mbio hizo sharti lijengwe kwa mikono ya binadamu kuanzia bodi tupu. Na dereva sharti awe hajatimiza miaka sabini.

Bi Sikudhani angetimiza sabini mwezi Septemba.

"Kwa hiyo ni mwaka huu, Bibi, au basi," Nakijwa alimwambia kwa upole. "Na kumbuka: kila mkono utakaogusa chuma hiki uandikwe kwenye fomu. Watu wamezoea kuingiza mikonochuma usiku, roboti zinawajengea, asubuhi wanajisifu. Nikirudi nikakuta mkono usio na jina, gari halitembei."

"Andika wangu. Sina mwingine."

Aliposema hivyo aliuficha mkono wa kulia ndani ya kanga. Miaka ishirini na mbili mkono ule ulipandisha malori mlima wa Kitonga, na sasa ulikuwa unatetemeka kama jani la muhogo. Ajabu yake, ulitetemeka ukiwa hewani tu. Ukishika kitu kizito, ulitulia. Ndiyo maana aliutamani usukani. Akiushika, alijua, mkono ungekuwa wake tena, walau kwa mizunguko kumi.

Jirani yake, Mzee Mihayo, alikuja kulitazama gari siku hiyo hiyo. Yeye Mnyamwezi, mama yule Mluguru, watani wa kurithi. Hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana.

Mihayo alichukua nyundo ndogo, akagonga bodi. Ko, ko, ko. Akainamisha sikio, akasikiliza. Kisha akamalizia: ko. Ndivyo alivyogonga kila kitu: tikiti sokoni, mtungi wa gesi, hata mlango wa msikiti. Miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kugonga viungo vya madaraja ya reli na kusikiliza kama vimeshika. Siku kilipokuja kisomachuma, wakubwa walimpa saa ya ukutani na mkono wa buriani.

"Hili limekufa," alisema. "Zika, tule ubwabwa."

"Utakula makoko. Njoo unisaidie kuchomelea, mtani, acha domo."

Uso wa Mzee Mihayo ukafunga. "Niliapa. Tangu waseme sikio langu limezeeka, sishiki fito ya kuchomelea. Nikishika tena, nitakubeba mgongoni nizunguke uwanja wote wa Nane Nane, Waluguru wote wanapiga vigelegele."

"Hilo lisikupe shida. Mababu zako walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani."

"Mizigo ya maana! Siyo mtu wa mlimani, mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi."

Kazi ikaanza. Bi Sikudhani alikwangua kutu kwa msasa mpaka kucha zikawa nyekundu, akakata sakafu iliyooza, akapima bati jipya kwa kamba na kipande cha chaki. Ndani ya bodi alihitaji kujenga kizimba cha mabomba, cha kumlinda dereva gari likipinduka. Mabomba aliyakata vizuri. Kuyaunga ndipo palipomshinda. Kuchomelea ni kazi ya kuning'iniza mkono hewani, fito ikiyeyuka kidogo kidogo, na mkono wake hewani ulikuwa hauna adabu. Viungo vyake vilitoka kama uji uliomwagikia jikoni. Alivitazama Jumatatu nzima akakosa hata tusi la kuvitukana.

Jumanne alikwenda kliniki, kama kila Jumanne na Ijumaa, kupewa dawa ya mkono. Kuku alimwachia Mihayo awape pumba. Aliporudi alasiri akavua kanga ya kichwa, akapita kando ya gari, akasimama.

Kiungo cha jana kilikuwa kimenyooka. Si vibaya sana, alijisemea. Labda jana macho yalikuwa yamechoka.

Ijumaa ikawa vile vile. Wiki iliyofuata tena. Kila kiungo alichokiacha kikiwa kibaya, alikikuta kizuri. Mama wa watu akaamini dawa imeingia. Alimpelekea muuguzi trei ya mayai, akatembea mtaani ananyoosha mkono mbele za watu.

"Tazameni! Umerudi!"

"Naona," alisema Mzee Mihayo, aliyekuwa amempa kikombe cha chai, akiangalia kwingine. "Mbona chai imemwagika?"

"Kikombe chako kibovu."

Ikaisha miezi mitano. Mota na betri alizitoa kwenye kijiendeshe kilichotupwa, breki nne akanunua, springi akazipanga chini yeye mwenyewe akiwa amelala kwenye mkeka. Usukani hakuwa na wa kununua, maana haukutengenezwa tena popote. Akashusha ukutani ule wa lori lake la zamani, aliokuwa anaanikia taulo. Ulikuwa mkubwa kuliko kiti. Alipouweka mahali pake na kuushika, mkono wa kulia ukatulia tuli, naye akakaa pale nusu saa bila kwenda popote, kuku wakimshangaa.

Asubuhi ya Nane Nane, gari likiwa limepakwa rangi ya ndimu, Nakijwa alikiachia kisomachuma. Kikapanda, kikatambaa kizimbani, bomba kwa bomba. Watu wakasogea. Mzee Mihayo alikuwa nyuma yao, kavaa koti na jua lote lile.

"Mikono miwili," kilitangaza. "Mkono wa kwanza unatetemeka. Umechomelea viungo arobaini na viwili. Vyote dhaifu."

Bi Sikudhani akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

"Mkono wa pili umechomelea juu yake vyote arobaini na viwili. Vyote imara. Umenyooka mno. Uwezekano wa kuwa mkonochuma: asilimia sitini na tano."

Watu wakaguna. Bi Sikudhani hakuwasikia. Alikuwa anautazama mkono wake. Haukurudi, kumbe. Trei nzima ya mayai.

"Bibi," Nakijwa aliuliza, sauti chini, "uliingiza roboti?"

"Roboti ningeipata wapi, mwanangu, mimi ambaye hata kinu nilikirithi?"

"Basi ni nani? Bila jina siwezi kuliruhusu. Nisamehe."

Hapo mama yule akainama karibu na kiungo cha kwanza, akakipapasa kwa kidole. Kando yake palikuwa na vibonyeo vitatu vidogo sana vya nyundo, nafasi, kisha kimoja. Akapapasa cha pili. Vitatu, nafasi, kimoja. Alipoinuka alikuwa na macho yenye maji, lakini mdomo wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kuiba embe.

"Mtani," aliita, "hivi wewe ulimwona nani akiligusa gari langu?"

"Mimi?" Mzee Mihayo akafuta jasho. "Mimi nilikuwa nawapa kuku pumba. Tangu nipewe ile saa sijashika fito. Niliapa, watu wanajua."

Akakitazama kisomachuma, akafunga vifungo vya koti.

"Najua, mtani. Mwenye kiapo simsumbui." Bi Sikudhani akapumua kwa huzuni nyingi kidogo kuliko aliyokuwa nayo. "Basi linaburutwa. Sabini yangu naisubiria kitandani. Ila kitu kimoja tu: mashine hii ina macho, sikio haina. Wewe unalo. Niambie kwa haki, lingenibeba? Nikalale nikijua."

Akampa nyundo.

Hakuna aliyemwomba Mzee Mihayo sikio lake kwa miaka kumi na minne. Akavua koti taratibu. Akasogea mpaka kwenye kizimba, akachagua kiungo, akagonga. Ko, ko, ko. Akainamisha kichwa, akafumba macho, akasikiliza. Uso wote ukamlainika.

Ko.

"Lingekubeba," alisema. "Lingekubeba mpaka Tabora."

Kisomachuma kikageuka juu ya bomba, miguu yote sita.

"Pigo hili lipo kando ya viungo arobaini na viwili. Mkono wa pili ni wa binadamu. Tafadhali, jina liandikwe."

Nakijwa akashika kalamu. Mzee Mihayo alitazama nyundo iliyo mkononi mwake kana kwamba imemwotea hapo.

"Labda," alisema, "ni jogoo."

Bi Sikudhani alikuwa ameshavua viatu.

"Inama, mtani."